Hodi Tatu za Lukwambe

Ndege iliyotafutwa kwa miaka themanini kasoro mmoja haikuwa msituni. Ilikuwa jikoni.

Sikudhani Kobelo aligundua hilo siku ya tatu tangu apande mlima, akiwa amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, katikati ya wanawake kumi na mmoja waliokuwa wakimenya vitunguu na kumchambua mwanamke wa kumi na mbili ambaye hakuwapo. Aliinama kuweka kikombe chini. Jicho likaangukia mfuniko wa sufuria. Pembeni mwa mfuniko kulikuwa na mstari wa ribiti za kuungia bati, vichwa bapa, kila moja na mwenzake umbali wa vidole viwili, zimenyooka kama askari kwenye gwaride. Alizihesabu: ishirini na nne. Hakuna fundi wa sufuria duniani anayepiga ribiti ishirini na nne kwenye mfuniko wa ugali.

Akaugeuza. Upande wa ndani, kwenye pindo ambako majivu ya kusugulia hayakuwahi kufika, palibaki rangi ya kijani iliyopauka. Ni kijani cha ndani kabisa ya ndege, kile ambacho abiria hakioni mpaka ndege ipasuke.

"Unatafuta nini humo, mwanangu? Minofu?" Tausi aliuliza, na ua mzima ukacheka.

Tausi alikuwa binti wa Bibi Mwanvita, mwenye nyumba. Umri wake sitini na ushee, kazi yake ndizi, na sauti yake ilikuwa ikifika bondeni kabla yake. Shughuli iliyowakusanya ilikuwa yake: mjukuu wake alikuwa aolewe Jumamosi. Tangu mgeni afike, Tausi alikuwa ameshamuuliza kama ameolewa, kwa nini hajaolewa, na angeonaje kuolewa na mpwa wake mwenye mbuzi wawili. Si mbuzi wa kula. Ni mashine za miguu minne, zinazopandisha mizigo na watu mlimani tangu barabara iporomoke.

"Mfuniko huu mliununua wapi, mama?"

"Kununua! Huo umeachwa na bibi yake Mama Sharifa. Kila nyumba hapa Lukwambe ina chombo cha bati jeupe, mwanangu. Vya zamani, havitoboki. Siyo hivi vyenu vya mjini, ukikohoa vinapinda."

Kila nyumba. Sikudhani akatazama vyombo vyote vilivyouzunguka ua.

Siku ya kwanza alikuwa ameokota kipande cha mkia korongoni, chenye tarakimu tatu za mwisho za namba ya usajili, na chombo chake kilikubali: ndiyo hii, ndege ya injini mbili iliyotoka Dar kwenda Songea Aprili ya mwaka 1987, watu tisa ndani, ikamezwa na mawingu ya masika. Waliotumwa kuitafuta wakati ule walizunguka wiki mbili upande wa pili wa mlima. Lakini mkia bila kiwiliwili ni kitendawili. Siku nzima ya pili alikata vichaka, akachimba, akapima, asipate hata skrubu. Mtu akifa hubaki mifupa. Ndege nayo lazima iache ubavu mahali fulani.

Ubavu alikuwa ameukalia kitako. Hata kigoda kilikuwa na ribiti.

"Naweza kuusikiliza?" akauliza.

"Kuusikiliza mfuniko?" Mama Sharifa, mnene wa uso wa furaha, alishika kiuno. "Utasema nini, maskini ya Mungu, zaidi ya 'nifunike'?"

Sikudhani alitoa kisikizi mkobani. Ni kitu cheusi, bapa, ukubwa wa chapati moja, na taa ndogo katikati kama kitovu. Akakibandika juu ya bati, akagonga kwa ukucha, mara moja, polepole.

Sasa, chuma kilichoyeyushwa husahau. Lakini chuma kilichokunjwa, kilichopigwa nyundo, kilichosuguliwa kila siku, kinakumbuka kila sauti iliyowahi kukitetemesha. Sauti zimelala humo tabaka juu ya tabaka, kama rangi kwenye ukuta wa chumba cha kupanga. Kisikizi huziamsha. Na pigo huita pigo mwenzake: ukigonga kwa ukucha, kinaamka kilichowahi kugongwa kwa ukucha, pamoja na maneno yaliyolala jirani yake.

Kwanza ulitoka mchemko wa maji. Halafu mlango. Halafu kikohozi, na sauti ya mwanaume, nyororo, ya kunong'ona: "Njoo basi, unaogopa nini? Mama Sharifa kaenda kisimani."

Ua mzima ukalipuka. 

"Huyo marehemu!" Tausi alijirusha chini, vitunguu vikamwagika. "Wallahi ni marehemu mume wako, Mama Sharifa! Namjua kwa kile kikohozi!"

"Nilijua," alisema Mama Sharifa, akipiga kifua. "Nilijua, nilijua, nilijua! Niambie basi alikuwa anamwambia nani. Gonga tena, mwanangu. Gonga kwa nguvu!"

Naye Sikudhani, aliyekuwa akicheka kama wao, akagonga kwa nguvu.

Safari hii hakikutoka kicheko. Aliwahi kuzima spika na kuvaa kile cha sikioni, mkono ukifanya kazi kabla ya akili. Alisikia injini moja ikikohoa. Alisikia miti. Alisikia kile kilio ambacho miaka kumi na minne ya kazi haijamzoesha, akasubiri kipite, kwa sababu huwa kinapita na kuacha kimya. Kikapita. Ikaja mvua, mvua ya masika inayopiga bati mpaka mtu asijisikie mwenyewe. Alikuwa ananyoosha mkono kubandua chombo.

Ko. Ko. Ko. Bapa la panga juu ya bati, kutoka nje.

Halafu, kutoka ndani, taratibu: ko, ko, ko.

Halafu sauti ya mwanaume, nje, imejaa hofu: "Limejibu. Rudini nyuma. Msifungue. Siku saba."

Taa ya kisikizi iligeuka kutoka nyekundu kuwa ya machungwa. Kipande cha pili. Kwenye kazi yao, wasaka masalia ya ndege, kuna msemo: kipande kimoja uvumi, viwili umbea, vitatu ushahidi. Vipande vitatu vya ndege moja vikikubaliana, kisikizi hungoja pumzi kumi ili mtaalamu akibandue kama ana shaka. Asipokibandua, taa inakuwa ya bluu na kila kilichosikika kinakwenda kwenye Daftari Kuu la Masalia, na hakuna mkono wa kukirudisha.

Alipoinua uso, wanawake walikuwa bado wakimsaka hawara wa marehemu kwa majina. Mtu mmoja tu hakucheka. Bibi Mwanvita alikuwa amesimama mlangoni, miaka themanini na saba, mwembamba kama mpini wa jembe, macho yake yako kwenye ile taa.

"Kesho asubuhi," alisema, "utanisindikiza mtoni. Nikaoshe sufuria kubwa."

*

Alasiri hiyo Sikudhani alipanda kwenye jabali lenye mtandao usiokatika. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

Aliifikiria Mapanda. Hakutaka, lakini Mapanda haikuwa ikiomba ruhusa. Miaka minne nyuma, kule, vipande vitatu vilisema kwamba majeruhi mmoja aliachwa bila maji mpaka akafa, na Sheria ya Chuma Shahidi ikafanya ilichoandikiwa kufanya. Mahali ambapo chuma kinashuhudia kuwa watu walikuwa hai na wakaachwa, panakuwa kaburi la taifa, na duara la kilomita tano kulizunguka halikaliwi, halilimwi. Hakuna aliyeuliza kama walioacha ndio wanaoishi pale. Ndani ya siku kumi na tisa kijiji kilikuwa kimekwisha. Sikudhani alipewa cheti. Alichobaki nacho kichwani ni mama mmoja aliyekuwa akitelemka na mlango wa nyumba yake kichwani. Mlango tu. Alipomuuliza anaupeleka wapi, yule mama alisema, "Nitajua nikifika."

Simu iliita. Ilikuwa Consolata Haule, kutoka Songea, miaka themanini, mwalimu mstaafu. Mama yake, muuguzi Tekla Haule, alipanda ndege ile akiwa amemwacha yeye kwa bibi yake, mtoto wa miezi kumi na moja.

"Mwanangu, niko Morogoro mjini!"

"Morogoro? Bibi, nani kakwambia uje?"

"Si huyo rafiki yako, Tausi! Juzi nilikupigia, ukawa umeacha simu kwenye chaji, akapokea yeye. Tumeongea saa nzima. Najua mpaka kabila la bwana harusi. Kaniambia mgeni wa mgeni wake ni wake, nisile njiani, Jumamosi atanitumia mbuzi. Mbuzi gani huyo wa kupandwa?"

Sikudhani alifumba macho. "Bibi Consolata, kazi haijaisha. Sina cha kukwambia bado."

 Sauti ya Consolata ikashuka.

"Sidai mifupa, mwanangu. Tangu nina miaka mitano naambiwa mama yako alikufa papo hapo, hakuhisi kitu. Na kila anayeniambia, anaangalia pembeni. Wewe uliponiambia mara ya kwanza, na wewe uliangalia pembeni. Nataka mtu mmoja tu kabla sijafa anieleze huku ananitazama."

*

Mtoni, Bibi Mwanvita alisugua kwanza mpaka majivu yakaisha.

Sufuria lilikuwa kubwa kiasi cha kuogea mtoto. Watu walilipa jina, Shibe, na hapakuwa na harusi wala hitima iliyopita Lukwambe bila Shibe kukaa jikoni. Ubavuni lilikuwa na kiraka cha duara refu, kama jicho lililofumbwa. Sikudhani hakuhitaji kisikizi. Kiraka kile kilikuwa pale lilipokuwa dirisha. Shibe lilikuwa mlango wa ndege.

"Huku kwetu," bibi alianza, akisuuza, "ukiokota kitu msituni hukichukui hivihivi. Msitu nao ni nyumba ya watu. Unapiga hodi. Mara tatu, kwa bapa la panga. Kikinyamaza, ni chako. Mtu akisema karibu, kina mwenyewe, unaondoka. Lakini kikijibu kwa kugonga..." Alitema mate pembeni. "Binadamu anasema karibu. Anayekurudishia hodi yako si binadamu. Huyo unamwachia siku saba, ndipo unarudi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hata wewe ungezaliwa hapa ungeona ni adabu tu."

"Na mvua ilikuwa kubwa," alisema Sikudhani polepole. "Sauti isingesikika. Kilichosikika ni kugonga."

"Watu wamevunjika miguu, wamebanwa, mlango umelaliwa na mti. Wanasikia watu nje wanagonga. Wewe ungefanya nini? Ungegonga. Wakagonga. Baba yangu ndiye aliyekuwa na panga. Akasema siku saba."

Maji yalipita.

"Mimi nilikuwa na miaka minane na nilikuwa mtundu. Siku ya tatu mvua ikakatika, nikaenda peke yangu kumwona huyo mzimu. Nikagonga. Akaniuliza, 'Nani yuko nje?' Nikasema Mwanvita. Kioo kilikuwa na ufa, nikaona jicho. Akasema anaitwa Tekla, wenzake wamekufa wote, amebaki yeye. Akaomba maji, nikamchuruzishia kwa jani la mgomba kwenye ule ufa. Akanywa. Akaniambia ana mtoto anaanza kusimama. Halafu akasema, 'Mwanvita, wewe mdogo, huwezi kufungua. Nenda urudi na watu.' Nikamwahidi. Nikasema, 'Nitarudi na watu.'"

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia! Nikasema kuna mama, anaitwa Tekla, kanywa maji. Baba akanipiga mpaka nikajisaidia. Si kwa ukatili, mwanangu, kwa hofu. Akasema, mnaona? Limeshajua jina la mwanangu. Wakanifungia ndani. Siku ya saba wakaenda, na panga, na ubani. Palikuwa kimya. Wakafungua."

Hakueleza walichokiona. Alisugua kiraka kwa kidole gumba, akizunguka, akizunguka.

"Waliwazika vizuri wote tisa, kwa sanda, nitakuonyesha. Halafu baba akaigawa ndege. Kila nyumba kipande, pasiwe na nyumba isiyopokea, ili kila mdomo ufungwe. Waliopokea wamekufa. Hawa kina Tausi hawajui. Wanajua ni vyombo vya bibi. Nimebaki mimi. Mimi nikaomba mlango. Nimelijaza chakula miaka yote hii, na kila nikipakua namsikia ananiuliza, watu wako wapi?"

Sikudhani alikuwa ameshafikiria usiku kucha, na alichofikiria alikisema haraka kabla hakijamwaibisha. "Bibi, mjini kuna fundi mwenye tanuru. Shibe likiyeyushwa hakuna atakayejua. Nina vipande viwili tu. Nitaandika ndege haikupatikana. Nilikiona kijiji kingine kikihamishwa. Sitaki kukiona tena."

"Na yule binti yake?"

"Nitamwambia alikufa papo hapo."

"Utamwangalia wapi ukimwambia?"

Sikudhani aligeuza macho kwenye maji.

"Nilimwacha mara moja," bibi alisema. "Ukiliyeyusha, tunamwacha mara ya pili. Na safari hii mvua hainyeshi."

"Lakini si nyumba yako peke yako! Binti anaolewa Jumamosi. Atahamia wapi? Tausi je? Hawajafanya kosa lolote hawa!"

"Ndiyo. Kwa hiyo siwezi kuwaamulia. Na wewe huwezi." Bibi Mwanvita alijipinda, akalipindua sufuria maji yamwagike. "Siku ya shughuli kibandike chombo chako hapa kwenye kiraka. Wote wawepo. Walifungwa midomo nyumba kwa nyumba, ifunguliwe mbele ya wote. Ukishindwa, kibandue. Mkono ni wako."

*

Jumamosi ndege ilikusanyika yenyewe.

Kwa desturi, Lukwambe ikiwa na shughuli kila nyumba huleta chombo. Tangu alfajiri walikuwa wakiingia, mmoja mmoja, na bati jeupe kichwani. Sikudhani alisimama pembeni akiwatazama, na jicho lake la kazi, ambalo hakuwa na namna ya kulifumba, lilikuwa likipanga. Masinia haya ni sakafu. Yale mabakuli, kingo za bawa la kushoto. Tangi la mafuta lililopasuliwa nusu lina juisi ya ukwaju. Mfuniko wa Mama Sharifa, paa la nyuma. Katikati, juu ya mafiga yaliyozimwa makaa, mlango. Kila kitu kilikuwa karibu na mahali pake, kana kwamba kuna mtu anaita majina. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya ua, haupandi, haushuki.

"Mbona umenuna kama uliyelishwa shubiri?" Tausi alimpita na gauni la njano linalometa. "Mpwa wangu amekuulizia mara mbili. Haya, mpokee mgeni wako!"

Consolata Haule alishuka kwenye mbuzi wa chuma akitetemeka magoti na kucheka. Alikuwa mfupi, mwenye shungi jeupe la kanisani. Tausi alimkumbatia kama waliocheza pamoja. Dakika kumi baadaye alikuwa mkekani jirani na Bibi Mwanvita, wakilinganisha dawa za magoti. Bibi Mwanvita alimwangalia mikono, alimwangalia paji la uso. Hakuangalia pembeni hata mara moja.

"Una macho yake," akamwambia.

"Ya nani, dada?"

"Kula kwanza."

Bibi akamtupia Sikudhani jicho. Sikudhani akaenda mpaka kwenye Shibe.  Alikibandika kisikizi kwenye kiraka, spika wazi, akabaki amesimama na kiganja kimeelea juu yake. Taa ilikuwa ya machungwa. Sauti bado haijaamshwa. Bado angeweza. Bibi harusi alikuwa kwenye kiti cha mapambo, hina mpaka viwikoni, anacheka na shoga zake, na nyuma yake kulikuwa na nyumba mpya ya tofali ambayo bwana harusi aliijenga kwa miaka mitatu. Mlango wake ulikuwa umepakwa rangi ya bluu jana. Sikudhani aliutazama ule mlango. Akaamua. Angekibandua, angemwambia Consolata uongo, na angejifunza kuishi nao kama alivyojifunza kuishi na Mapanda.

Alikuwa ameshashika ukingo wa chombo Tausi alipofika upande wa pili na mwiko mrefu. Huko Lukwambe chakula hakitangazwi kwa mdomo. Sufuria ndilo linalowapigia wageni hodi. Tausi akainua mwiko, akapiga ubavu wa Shibe kwa nguvu zake zote.

Ko! Ko! Ko!

"Karibuni chakulaaa!"

Vigelegele vikapanda. Vilipokuwa vinashuka, kutoka kwenye sufuria, kikatoka kitu kingine. Taratibu. Dhaifu.

Ko.

Ko.

Ko.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alianza kulia akazibwa mdomo. Mzee mmoja wa mkekani, ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule, alisema neno aliloachiwa na babu yake bila maelezo: "Limejibu." Mwingine akadakia, "Siku saba!" na watu wakaanza kurudi nyuma, viti vikaanguka, kina mama wakivuta watoto, kila mmoja akitazama chombo alichokuja nacho kama anayekiona mara ya kwanza. Mama Sharifa aliutupa mfuniko chini.

Taa ikawa ya njano. Pumzi kumi.

Moja, mbili. Sikudhani alikuwa bado ameshika ukingo. Kuvuta tu. Tatu.

"Ni nini hicho?" Consolata aliuliza, akiinuka kwa taabu. "Nani anagonga? Mwanangu, nani anagonga humo?" Alikuwa akimtazama Sikudhani usoni.

Nne. Tano. Nyuma ya pigo huja kilicholala jirani yake. Mvua ilikuwa imekatika ndani ya sufuria. Kulisikika matone, jani likikwaruza bati, mtu akihema. Sita. Mlango wa bluu ulikuwa pale pale. Bibi harusi alikuwa amesimama.

Saba. Sauti ya mwanamke, kavu, yenye lafudhi ya Songea, ilijaa uani.

"Nani yuko nje?"

Consolata alijishika mdomo. Hakuna aliyemfundisha sauti ile.

"Mama, njoo huku," Tausi alimwita mama yake, akilia kwa hofu. "Mama, usilisogelee!"

Bibi Mwanvita hakusikia, au alisikia. Alikuwa amemshika Consolata mkono na kumvuta, ajuza akimkokota ajuza mwenzake katikati ya viti vilivyopinduka. Nane. Aliwageukia watu wake, wote, nyumba kwa nyumba, waliokuwa wamebanana ukutani.

"Msirudi nyuma," akasema. "Nawaomba. Safari hii msirudi nyuma."

Tausi alikuwa wa kwanza. Alisogea hatua moja, mwiko bado mkononi, meno yakigongana. Halafu Mama Sharifa. Halafu bibi harusi, ameinua gauni lisiguse tope.

Tisa. Sikudhani akaachia ukingo, akaweka mkono nyuma ya mgongo wake.

Taa ikawa ya bluu.

"Nani yuko nje?" mlango uliuliza tena.

Bibi Mwanvita aliinama mpaka paji la uso likagusa kiraka, mkono wa Consolata umebanwa kifuani mwake.

"Mimi, mama," alijibu. "Mwanvita. Nimerudi na watu."